Mistari Miwili ya Mwisho

Kigombe,
7 Machi 1955

Kwa Bwana Hatibu, Mhariri wa gazeti la Jirani, Chumbageni, Tanga.

Salaam aleikum. Ama baada ya salamu, anayekuandikia ni marehemu.

Jina langu ni Uweso bin Sheha, mchoma chokaa wa hapa Kigombe. Katika gazeti lako la Ijumaa iliyopita, ukurasa wa nne, ndani ya ule mstari mweusi, umeandika kuwa nimefariki Jumatano. Jumatano nilishinda tanurini, na jioni nikala ugali kwa papa mkavu, na sikumsikia mtu yeyote akinililia.

Watu wa hapa hawakuhangaika, maana wananiona. Lakini Jumamosi basi la Pangani lilishusha watu kumi na wanne kutoka Pongwe, ndugu wa mke wangu Saleha, wanawake wamejitanda kanga, wanaume wamebeba mchele. Saleha alikuwa uani anapara samaki. Kusikia kilio akadhani mama yake ndiye aliyefariki, naye akaangua chake. Hapo ndipo nilipotokea nyuma ya nyumba, nimetoka tanurini, mweupe kwa vumbi la chokaa toka utosini hadi vidoleni. Bwana Hatibu, sijapata kuona watu wazima wakikimbia namna ile. Nawaita, "Miye sijafa, mwakimbia n'ni?" ndio kwanza wanaongeza mwendo. Shemeji yangu mmoja mpaka leo hajarudi kuchukua viatu vyake.

Mchele tuliula. Huo hauna ubishi.

Nataka usahihishe, na ufanye hima, maana najua gazeti lako linavuka mpaka Pemba. Kule Wete nina mdogo wangu, Wanu, tuliyezaliwa naye tumbo moja. Miaka kumi na moja sasa hatusemezani, na nani mwenye kosa si habari ya gazeti. Sisemi atalia. Huenda asilie. Ila sipendi apate habari ya kifo changu kwenye karatasi kabla sijafa.

Wako,
Uweso bin Sheha


Chumbageni, Tanga,
11 Machi 1955

Mzee wangu Uweso,

Shikamoo. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa.

Habari ile ililetwa hapa na Methusela, yule Mbondei anayeuza machungwa, akasema wewe ni mtani wake. Kila wiki Jirani lina pembe ya Watani, ukurasa wa pili. Huko watu wanauana, wanazikana na kufufuana, na hakuna anayekwenda kuhani. Sasa mpanga herufi wetu, Idarusi, aliona neno "ametutoka" akaipeleka ukurasa wa nne, kwenye tanzia. Kwa maneno yenyewe, ilivyokuja ndivyo tulivyochapa.

Sijitetei, ila ujue hali yetu. Gazeti hili lina miaka miwili tu. Tulilianza katika chumba kilichokuwa cha kuchapia kadi za harusi, na mtambo ni ule ule wa kadi, unasukumwa kwa mkono. Herufi hazitutoshi. Ukurasa mmoja ukishachapwa, Idarusi anazivunja herufi zake apange wa pili, kwa hiyo kosa likishatoka limetoka. Pamoja na hayo, kila Ijumaa tunatoa nakala mia nne, na nikipita barazani nikakuta mmoja anasoma na kumi wanasikiliza, najiona tajiri.

Sahihisho litatoka tarehe 18. Furushi la Pemba la tarehe 4 lilikwisha kwenda na meli. Nisamehe, mzee wangu.

Mwanao,
Hatibu


Wete, Pemba,
19 Machi 1955

Kwa Mhariri wa Jirani, Tanga.

Salaam aleikum. Naandika kwa herufi za Kiarabu kwa sababu ndizo nilizofundishwa chuo cha Kurani. Mtu wa Tanga hatashindwa kuzisoma.

Mimi ni Wanu binti Sheha, ndugu wa marehemu Uweso wa Kigombe, baba mmoja mama mmoja. Gazeti lako lilisomwa kwa sauti dukani, nami nimesimama pale na chupa ya mafuta ya taa mkononi. Kama niliiangusha au niliiacha, sijui. Nilifika nyumbani mikono mitupu. Jana tumemsomea hitima. Watu walikuja wengi.

Nina neno, na wa kuambiwa hayupo tena. Naomba ulichape, walijue watu wa Kigombe.

Mama yetu alipougua, mwaka wa arobaini na nne, alilala siku sita. Mimi ndiye niliyemwosha, niliyemlisha uji, niliyemfulia. Naye kila nikimnyanyua nimpe maji aliita, "Uweso, Uweso." Si mara moja wala mbili. Nikaona wivu, Bwana Mhariri. Mtoto aliyevuka kwenda kutafuta maisha bara ndiye anayeitwa, na aliyebaki haitwi. Nikasema moyoni, mama atapona, hakuna haja ya kumsumbua mtu. Siku ya tano ndipo nikamtuma Abdulwakil, mchuuzi wa mikeka, ampelekee habari.

Kaka alifika tumekwisha kuzika jana yake. Nilimsimamia mlangoni mbele ya watu nikamwambia, "Mama hukuja kumtazama, umekuja kula hitima?" Akageuka, akaenda zake, hata maji hakunywa. Watu wote niliwaambia kwamba aliitwa mapema akapuuza.

Hakuwa na kosa. Mwenye kosa ni mimi. Ningemwandikia, lakini kila mwaka niliona mwakani itakuwa rahisi zaidi.

Wanu binti Sheha


Kigombe,
21 Machi 1955

Mwanangu Hatibu,

Salamu nyingi. Kumbe ni Methusela! Ningejua. Mwaka jana alipofiwa na mjomba wake, mimi nilijilaza mlangoni nikazuia jeneza lisitoke mpaka nipewe jogoo, na jogoo nilipewa, maana mtani ana haki yake. Basi amelipa kisasi. Amekuja hapa jana na machungwa kumi "ya kumpa pole mjane", akala wali wetu, akamuuliza Saleha mbele yangu kama ameshapata posa.

Sahihisho nimeliona. Liko chini ya tangazo la baiskeli. Kufa nilikufa kwa herufi kubwa, kufufuka nimefufuka kwa herufi ndogo. Lakini sina neno, watoto wanalisoma.

Kutoka Wete hujaandikiwa chochote? Nauliza tu.

Uweso


Chumbageni, Tanga,
26 Machi 1955

Bibi Wanu,

Shikamoo. Keti kwanza ndipo uendelee.

Kaka yako yu hai. Ana afya, ana maneno, na wiki hii ameniandikia barua. Kosa ni langu, nami nakwambia wewe kabla sijamwambia yeye, kwa kuwa yeye nilimdanganya nikamsingizia mpanga herufi.

Ilikuwa habari ya utani, yenye mistari sita. Pembe ya Watani ilikuwa imejaa. Ukurasa wa nne ulikuwa na nafasi ya mistari minne, nami nikaona "ametutoka", nikamwambia Idarusi aiweke pale. Akaniuliza akate wapi. Nikamjibu, kata mkia, kama tunavyokata siku zote. Huo mkia sikuusoma. Nimeutafuta leo kwenye kikapu cha taka, na ulisema hivi: "Ameuawa na wali wa mtani wake, akiwa sahani ya nne. Mlio hai ficheni masufuria." Ndiko uhai wa mtu ulikokuwa, bibi yangu, nami nikaukata.

Barua yako sikuichapa. Iko ndani ya sanduku langu, nimelifunga kwa ufunguo. Uliandika kwa ajili ya mtu aliyekufa, na sijui kama unataka aliye hai aisome. Niichome, niirudishe, au nimpe? Sema wewe.

Naona haya.
Hatibu


Chumbageni, Tanga,
26 Machi 1955

Mzee wangu Uweso,

Shikamoo. Naomba radhi mara ya pili. Idarusi hakukosa. Mimi ndiye niliyeipeleka habari yako kwenye tanzia, na mimi ndiye niliyeamuru ikatwe mistari miwili ya mwisho, ile ya sahani ya nne. Nilikuandikia uongo kwa kuwa niliogopa utasema mhariri hasomi gazeti lake.

Umeniuliza habari za Wete. Bibi Wanu ameandika. Amekusomea hitima, na watu walikuja wengi. Nimemjulisha kuwa u hai. Zaidi ya hapo usiniulize, mzee wangu. Si yangu kusema.

Hatibu


Wete, Pemba,
2 Aprili 1955

Kwa Hatibu,

Umeniliza juu ya mtu anayekula na kulala! Nilipoisoma barua yako nilipiga kelele, majirani wakaja wakidhani nimefiwa tena. Nimefurahi mpaka nikaona haya kufurahi vile. Kisha nikakasirika, na hasira haijaisha. Watu wanakutana nami sokoni wananiuliza kama hitima waliyosoma itahesabiwa au irudiwe.

Barua yangu irudishe. Asiione. Maiti niliweza kumwambia. Mtu mwenye macho ya kunitazama siwezi.

Wanu


Chumbageni, Tanga,
6 Aprili 1955

Bibi Wanu,

Shikamoo. Barua yako hii hapa ndani. Hakuna aliyeisoma ila mimi, na kaka yako anajua la hitima tu.

Nimekutii, lakini roho yangu haikutulia, na kwa kuwa umeshanikasirikia acha nimalizie. La kumchelewesha ni siri yako. Ile "Uweso, Uweso" ya mama yako ni amana ya kaka yako. Mimi nilikata mistari miwili nikaona yaliyofuata. Wewe umekaa na mmoja miaka kumi na moja.

Nisamehe kwa ulimi wangu.
Hatibu


Kigombe,
9 Aprili 1955

Mwanangu Hatibu,

Tumesameheana. Mhariri anayesoma gazeti lake lote atapata wapi nafasi ya kukosea?

Hili la hitima limenikalia moyoni. Nilidhani Wanu akisikia nimekufa atasema, "Kheri." Kumbe ameita watu, amepika, amenisomea. Saleha ananikuta nimekaa mbele ya tanuri lililozimika na mikono magotini, ananiuliza, nasema nahesabu mawe.

Nakutumia tangazo. Lichape Ijumaa hii inayokuja, lifike Pemba kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, watu wakiwa kwenye kuvunja jungu na kutakana radhi. Liweke ukurasa wa nne, ndani ya mstari mweusi, pale pale uliponizika. Na usikate.

"TANGAZO LA MAREHEMU. Mimi Uweso bin Sheha, niliyefariki katika gazeti hili tarehe 4 Machi, nawajulisha jamaa kuwa nimeambiwa zamu yangu bado. Maiti hana kinyongo. Nimewasamehe wote, naomba nisamehewe. Mdogo wangu Wanu wa Wete ajue kuwa hitima yake imenifikia. Mlango wa nyumba yangu hauna wa kuusimamia. Idi hii sufuria yetu itapikwa kwa hesabu ambayo yeye yumo."

Uweso


Kigombe,
30 Mei 1955

Mwanangu Hatibu,

Idi njema, ingawa imepita. Nakuandikia kwa sababu wewe ndiye uliyenizika, na una haki ya kujua ufufuo ulivyokwenda.

Amekuja. Idi mosi, tumekwisha kuswali, Methusela yuko mkekani sahani ya pili, basi la Pangani likasimama. Akashuka mwanamke amebeba kikapu cha karafuu. Nilimjua kwa mwendo. Saleha akakimbia kumpokea, yeye akafika mlangoni akagoma. "Siingii mpaka niseme," anasema. Akatoa karatasi kwenye pindo la kanga akaanza kusoma.

Akasoma kwamba habari ya ugonjwa wa mama aliituma siku ya tano. Nikamwambia, "Nilijua." Hatibu, nilijua tangu ile siku ya kwanza. Abdulwakil mwenyewe alinambia ametumwa jana yake, na mama ana siku tano kitandani. Nikakaa miaka kumi na moja nangoja Wanu aje aseme, nikajiona mwanamume. Yeye anaogopa nisijue, mimi nangoja akiri, na bahari yenyewe iliyotutenga ni ya kuvuka kwa siku moja.

Kisha akasoma kwamba mama alikuwa akiniita. Hilo sikulijua. Miaka yote nililala nikidhani mama alikwenda bila kunitaja, kwamba niliondoka nyumbani na nikaondoka moyoni mwake. Nililia, mwanangu. Nililia kama mtoto, mbele ya Methusela. Yeye aliweka sahani chini akatazama ukutani. Hilo nalo halijapata kutokea tangu azaliwe.

Wanu akaniomba radhi, nikamwomba na mimi yangu, maana kungoja kwangu kulikuwa na kiburi ndani. Akaingia. Akanywa maji, akanipa mimi nusu iliyobaki.

Haya usiyachape. Sasa yumo jikoni anagombana na Saleha juu ya nazi zikunwe ngapi.

Uweso


Chumbageni, Tanga,
1 Septemba 1958

Mzee wangu Uweso,

Shikamoo. Siku nyingi. Asante kwa chokaa. Ukuta wetu sasa unaonekana toka stesheni.

Tarehe 26 mwezi huu Jirani linatoa toleo la mia tatu. Waliosema halitafika kumi, wawili kati yao sasa ni mawakala wetu. Tuna mtambo wa pili, na herufi za kutosha kurasa zote nne kwa pamoja, hata Idarusi hajui afanye nini na utajiri huo. Amevaa miwani. Juu ya meza yake amebandika karatasi yenye maneno mawili, "Soma mkia", na kila mgeni anauliza maana yake.

Ndiyo sababu ya barua hii. Katika toleo hilo nataka kuandika historia ya gazeti, toka kadi za harusi hadi leo. Nimeandika habari za mtambo, za mafuriko yaliyolowesha karatasi, za mwalimu aliyeturudishia gazeti limesahihishwa kwa wino mwekundu. Lakini nikisoma naona historia bila ya kile kifo chako ni sahani bila wali. Uliniambia nisichape, nami nimenyamaza miaka mitatu. Je, waniruhusu sasa?

Mwanao,
Hatibu


Kigombe,
16 Septemba 1958

Mwanangu Hatibu,

Naandika mimi, Wanu, nikiwa Kigombe.

Barua yako ilimkuta. Nilimsomea akiwa kitandani, na kwenye sahani bila wali alicheka mpaka Saleha akanikataza kuendelea. Akasema, "Mwambie achape yote. Na ya mlangoni, na ya kulia kwangu. Abakishe ya nazi, Saleha asije akaniua kweli." Kwa hiyo ruhusa unayo, ya kwake na ya kwangu.

Alifariki Jumapili alasiri. Homa ilimshika siku nane. Saleha aliniletea habari siku ya kwanza, siku ya pili mimi nilikuwa hapa. Nimemwosha uso, nimemlisha uji, na mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wangu. Nina huzuni, Hatibu, lakini ni huzuni safi, haina kitu kilichofichwa chini yake.

Methusela alijilaza mlangoni kuzuia jeneza, kama ilivyo haki yake. Watu wakamuuliza anataka nini. Akainuka bila kudai kitu, akalitia bega upande wa mbele, akalibeba mpaka makaburini. Alitaka ailete tanzia mwenyewe, lakini akasema, "Hatibu hataniamini hata nilie machozi ya damu." Ndiyo maana naandika mimi.

Tanzia iko hapa chini. Nimeihesabu, ni mistari sita kama ile ya kwanza. Iweke ukurasa wa nne, na safari hii usiikate.

Bibi yako,
Wanu binti Sheha

*Uweso bin Sheha, mchoma chokaa wa Kigombe,*
*ametutoka Jumapili, tarehe 14 Septemba.*
*Ameacha mke, Saleha, na dada, Wanu,*
*na mtani, Methusela, ambaye sahani yake ya nne haina wa kuila.*
*Mama yake alimwita,*
*na safari hii habari ilimfikia mapema.*